Kitendo Kisicho na Pointi

Siku ya soko mjini Voi haina adabu. Anayeuza ndizi za Taveta anapiga kelele juu ya kichwa cha anayeuza viazi kutoka Mghange, redio ya mwenye mitumba inawazidi wote wawili, na vumbi jekundu linamkalia kila mtu bila kumuuliza ametoka nyumba gani. Katikati ya vurugu hiyo, chini ya hema jeupe lililoandikwa JICHO LA SHAMBA, Wakio alikuwa amesimama tangu asubuhi akieleza jambo lile lile mpaka sauti ikaanza kumkauka.

Alikuwa amevaa gauni la kitenge la samawati lenye maua ya manjano, lililomkaa vizuri bila kumbana, na viatu vyeupe ambavyo sasa alijuta kuvivaa. Shingoni alikuwa na msalaba mdogo wa fedha aliopewa na mama yake siku ya kipaimara. Kila alipochoka aliushika.

"Dada, hiyo apu yenu inafukuza ndovu?"

Aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la kijani lililokunjwa mikono, kucha zake nyeusi kwa grisi, na tabasamu la mtu aliyekuja kutania, si kununua.

"Haifukuzi. Inatoa habari. Ukimwona ndovu, ukiona nyayo zake, ama ukimsikia tu, unabonyeza hapa. Askari wa ranchi wanajua, majirani wako wanajua, na wewe unapata pointi."

"Pointi zinapikwa na nini?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Wakio hakucheka.

"Na subira. Atakayekuwa wa kwanza kwenye ubao msimu ukiisha, mradi unamzungushia shamba lake ua wa umeme wa sola."

Lile tabasamu likafifia. "Shamba lote?"

"Lote."

"Niandike basi. Nzomo, wa Maungu. Mimi natengeneza magurudumu ya malori pale barabarani, lakini shamba ni la mwaitu."

"Mwaitu ndiye nani?"

"Mama yangu. Sisi Wakamba tunaita hivyo. Ndovu wamemlia ndengu misimu miwili. Msimu uliopita hakupanda kitu, alikaa mlangoni anaangalia shamba tu."

"Hapa kwetu tunasema pojo."

"Ndovu hajali jina, dada. Anakula zote mbili."

Hapo Wakio akacheka, hata yeye mwenyewe akashangaa. Akamwekea ile programu kwenye simu na kumpa kadi.

"Nikikwama nimpigie nani?"

"Namba ya ofisi iko nyuma ya kadi."

"Na hiyo ofisi ina sauti kama yako?"

"Nenda, kaka. Watu wanangoja," alisema Wakio, lakini aligeuza ile kadi akaandika namba yake mwenyewe.

*

Hemani Wakio alipelekwa siku za soko tu. Kazi yake yenyewe ilikuwa ofisini, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabati, mbele ya kompyuta. Yeye ndiye aliyepanga ni jambo gani lihesabiwe kuwa kitendo, na kitendo gani kilete pointi ngapi. Nimesikia: pointi moja. Nimeona nyayo: tatu. Nimemwona: tano. Picha: kumi. Kila mtu alipogusa simu yake, kule Maungu au Kishushe, mstari ulitokea kwenye kioo cha Wakio ukiwa na jina, mahali na kitendo. Hata mtu akifungua kamera akaifunga bila kupiga picha, mstari ulikuwa pale. Mashine haikuwa na cha kudharau.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, mstari wa kwanza ulikuwa wa Nzomo. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika: "Nyayo mbichi kando ya bwawa. Mkubwa mmoja na mtoto. Na wewe umekunywa chai?"

Wakio alimpigia.

"Wewe! Hiyo nafasi ni ya maelezo ya ndovu."

"Basi nipe nafasi ya maelezo ya chai yako."

"Bosi wangu anasoma hayo!"

"Asome. Ajue mfanyakazi wake ana watu wanaomuuliza kama amekula."

Ndivyo yalivyoanza. Jumamosi Nzomo alikuja Voi kununua viraka na gundi ya magurudumu, na viraka hivyo vilianza kuchukua saa nyingi kununuliwa. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, akinukia sabuni, na kwa mbali sana akinukia mpira. Walikaa kwenye hoteli ndogo karibu na stesheni ya zamani, akimwita Malkia wa Pointi, naye akimwita Mzee wa Ndengu. Baada ya chakula Wakio alitoa shukrani kimya kimya, na Nzomo, ambaye hakuwa mtu wa kanisa sana, alijifunza kungoja kabla ya kunyanyuka.

"Lini utanipeleka nimwone mwaitu wako, Mama Ngina?" alimuuliza siku moja.

Nzomo alizungusha kikombe. "Sitaki uingie kwenye boma lililo wazi, Wakio. Usiku mwaitu anagonga sufuria mpaka mikono inakufa ganzi. Nipate ule ua kwanza. Nikishaupata, wazee wangu watapanda mlima waje Mghange. Nimesema."

"Na usipoupata?"

"Nitaupata."

Wakio hakupenda jinsi alivyolisema neno hilo, ingawa siku hiyo hakujua ni kwa nini.

*

Bosi wake, Hillary, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ripoti, na waliotoa pesa za mradi walikuwa wakimuuliza maswali.

"Wakio, hebu angalia huyu wa Kishushe. Danson. Amesikia ndovu kila saa, hata saa sita mchana. Huyu anasikia ndovu amejifunika blanketi!"

"Labda wapo kweli, bosi."

"Wapo kitandani mwake. Nataka kitendo ambacho mtu hawezi kukidanganya."

Wakio aliwaza siku nzima, na jioni akakiandika. Picha ya karibu: ndovu ajaze nusu ya picha au zaidi. Pointi hamsini. Na Nimesikia akaipa sifuri. Tangu hapo mtu akibonyeza Nimesikia, simu za askari hazingelia. Mstari wake ungekwenda pembeni, mahali walipopaita jalalani, ambapo hakuna aliyetazama.

"Hapo sasa!" Hillary alipiga makofi. "Ndovu haigizwi."

Hakuna hata mmoja katika ofisi ile aliyejiuliza mtu afanye nini ili ndovu ajaze picha. Wakio alizaliwa kwenye ukungu wa Mghange, kwenye mashamba ya ngazi na mabomba ya maji baridi. Ndovu alikuwa amewaona kwa mbali tu, dirishani mwa matatu, wadogo kama mbuzi waliopakwa udongo. Alikuwa amepima kitu asichokijua, na hakuna aliyemuuliza.

Wiki haikuisha kabla picha hazijaanza kukua.

Ya kwanza ya Nzomo ilionyesha kitu cha kahawia nyuma ya miba, ungedhani ni jiwe. Iliyofuata ilionyesha masikio. Kisha mkonga. Ubao ulipanda, jina lake likapanda nao, na kila mtu akampongeza. Halafu asubuhi moja Wakio alifungua kompyuta akakuta jicho. Jicho moja la ndovu, kope ndefu zenye vumbi, na unyevu mweusi ukitiririka shavuni. Lilikuwa linamtazama aliyeshika simu.

Aliweka kikombe chini. Akampigia hapo hapo.

"Nzomo, hii picha ya leo ulikuwa mbali kiasi gani?"

"Mbali sana, mamaa. Simu inavuta."

"Niapie."

"Aa, Wakio! Asubuhi yote hii nianze kuapa? Hamsini zimeingia?"

"Zimeingia."

"Basi cheka kidogo nisikie."

Hakuweza kucheka. Alipokata simu alitazama ule mstari tena, kwa sababu programu iliandika pia kama kamera ilivutwa ama la. Haikuvutwa. Mtu wake alikuwa amesimama pale, kwa miguu yake, karibu kiasi cha kuona kope.

Tangu siku hiyo hofu haikumtoka. Alipika nayo, akalala nayo, akaenda nayo kanisani. Alikuwa akiomba katikati ya wimbo, mwenziwe ubavuni akidhani ameguswa na mahubiri.

"Mwambie aache," alisema Lois, rafiki aliyepanga naye nyumba. Walikuwa jikoni wakiponda kimanga cha mihogo na maharagwe, mvuke ukiwafunika nyuso.

"Nikimwambia aache, ni kama namwambia sitaki kuolewa. Ameufunga ule ua na ndoa yetu pamoja."

"Na wewe ndiye uliyeweka hizo hamsini."

"Najua, Lois."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitamzuia bila yeye kujua."

Lois aliacha kuponda. "Wakio wewe. Mwanamume akijua umemfanyia mambo nyuma ya mgongo wake, hatauliza ulikuwa na nia gani. Ongea naye."

Hakuongea naye. Kesho yake, mkono juu ya msalaba wake mdogo, aliingia kwenye mashine akaandika agizo dogo: picha za Nzomo wa Maungu, sifuri.

*

Nzomo alishuka ubaoni kama jiwe kisimani. Danson wa Kishushe akawa wa kwanza. Pale kwenye gereji ya magurudumu, watu hawakukosa la kusema.

"Huyo Danson ni Mdawida, Mtaita wa hapa hapa," alisema mmoja, akisukuma gurudumu. "Msichana wako ni Mdawida. Wewe unafikiri hizo pointi zinahesabiwa na malaika?"

Simu ililia Wakio akiwa sokoni akichagua nyanya.

"Umenifuta?" Hakukuwa na mamaa, hakukuwa na Malkia.

"Nzomo, ngoja niko njiani, nitaku..."

"Jibu tu. Picha zangu zinaingia, pointi haziingii. Ni mashine ama ni wewe?"

Angeweza kusema ni mashine. Alisimama na nyanya mkononi. Muuzaji alimtazama.

"Ni mimi."

Lori lilipita upande wa Nzomo, breki zikafoka.

"Niliogopa," alisema Wakio. "Niliona lile jicho. Uliniambia simu inavuta, na haikuvuta."

"Uliogopa, ama uliona haya? Msichana wa ofisini, wa Mghange, na bwana mwenye grisi kwenye kucha, na watu wa kwenu wanamtaka huyo wa Kishushe."

"Danson simjui hata kwa sura!"

"Ua ulikuwa wa mwaitu, Wakio. Si wangu. Uliuondoa mkononi mwa mama mzee ukiwa umekaa kwenye kiti." Sauti yake ilipasuka kidogo. "Nitaleta picha ambayo hata wewe huwezi kuifuta."

"Usiende! Nzomo, nakuomba kwa jina la..."

Alikuwa amekata. Wakio alipiga tena, na tena, mpaka yule mama wa nyanya akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, kaa hapa kwanza," akamvutia ndoo.

*

Asubuhi iliyofuata alifika ofisini kabla ya mwenye duka la mabati kufungua mlango wake. Alifungua kompyuta akiwa bado amesimama.

Nzomo, Maungu: amefungua kamera. Kumepambazuka tu.

Hapakuwa na mstari mwingine. Kufungua kamera halafu kutuma. Hivyo ndivyo vitendo vinavyofuatana. Alingoja cha pili. Watu wengine waliingia mmoja mmoja, nyayo huku, mavi kule, na kila mstari mpya ulipotokea moyo wake uliruka kisha ukaanguka. Cha pili hakikuja.

Akapiga simu yake. Ikaita. Ikaita mpaka ikachoka.

Hillary aliingia akiwa na andazi mkononi. "Mbona umekuja mapema? Umekuwaje wewe, unaumwa?"

"Nzomo alifungua kamera na hajatuma."

"Ah! Amebadilisha mawazo, ama betri imekufa."

"Simu inaita, bosi."

Alishika simu apige tena. Kidole kilikuwa juu ya jina lake. Hata baadaye hakuweza kueleza ni nini kilichomzuia. Yeye alisema ni Mungu, na tuliache hapo. Aliweka simu mezani, akafungua jalala.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitazama tangu alipolitengeneza. Mistari ilikuwa imelundikana humo, ya watu wote waliosikia na wasiohesabiwa. Na juu kabisa, jina moja likirudiwa.

Nzomo, Maungu: nimesikia.
Nzomo, Maungu: nimesikia.
Nzomo, Maungu: nimesikia.

Ilianza muda mfupi baada ya kamera. Ilikuja polepole, mmoja, kisha kimya, kisha mwingine. Lakini kwenye dakika ile ile Wakio alipopiga simu, ilikuja kwa fujo, mingi, kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi.

Akatazama saa ya kila mstari. Alielewa. Simu ilikuwa imelia mahali ambapo haikutakiwa kulia.

"Bosi, yuko hai. Na ndovu yuko naye."

"Wakio, Nimesikia haihesabiwi, wewe mwenyewe ndiye..."

"Mimi naihesabu!" Hakuwahi kumpandishia sauti mtu wa ofisi ile. "Angalia mahali. Hakusogea hata kidogo. Ni pale kwenye tuta la reli. Wapigie askari wa ranchi. Bosi, tafadhali, funguo za gari!"

Hillary alitazama kioo. Mstari mwingine ukaingia mbele ya macho yake. Akaweka andazi chini.

Wakati wakiteremka ngazi Wakio alimpigia Mama Ngina, ambaye hakuwahi kuonana naye.

"Mama, ni Wakio wa Voi. Nzomo yuko nyumbani?"

"Ametoka na simu yake kabla ya jua, mwanangu. Sasa nataka nimpigie aje anywe uji."

"Usimpigie! Mama, nakusihi. Usimpigie hata mara moja, na mtu yeyote asimpigie. Tunakuja."

Mama yule hakuuliza. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Basi nitaomba," na Wakio akasema, "Tuombe wote," na gari likaondoka.

*

Barabara ya kwenda Maungu Wakio aliijua, lakini siku hiyo ilikuwa ndefu isivyo halali. Alishika simu akitazama jalala. Kila mstari ulipoingia alisema, "Yupo." Kisha kwa muda hapakuingia kitu, na Hillary, ambaye hakujulikana kwa kuomba, alisikika akisema chini chini, "Bonyeza, kijana. Bonyeza."

Ukaingia mmoja.

Askari wa ranchi walikuwa wamefika mbele yao. Mkubwa wao, Titus, mtu mwembamba mwenye kofia iliyopauka, aliwasimamisha kwa mkono kwenye njia ya vumbi. "Hapa hapa. Zima injini. Mtu asishuke."

Wakio alitazama alikoonyeshwa. Chini ya tuta la reli kuna bomba la saruji la kupitishia maji ya mvua, upana wake mtu anaingia akitambaa. Na mbele ya mdomo wa bomba hilo alisimama ndovu.

Hakuwa mbuzi aliyepakwa udongo. Alikuwa ukuta unaopumua. Masikio yalifunguka na kufungika, na kila alipohema vumbi lilitoka ardhini. Kando yake mtoto wake alizunguka miguu ya mamaye. Ndovu yule alipiga magoti, taratibu, kama mama anayetafuta kitu chini ya kitanda, akaingiza mkonga ndani ya bomba, wote mpaka usoni.

Wakio aliuma ngumi yake. Mstari ukaingia mkononi mwake, bila sauti. Nimesikia.

"Nusu ya picha," alijisikia akisema. "Mungu wangu, niliandika nusu ya picha."

Titus alipiga risasi hewani. Ndovu aliinuka akageuka, si kukimbia bali kuwatazama, na akaja. Gari la askari lilinguruma likimwendea, honi ikilia, mabati yakigongwa. Risasi ya pili ikapasuka. Akasimama. Alitikisa kichwa, akatupa vumbi, na kwa muda ulioonekana hauna mwisho alipima kama watu hawa wanafaa kuuawa. Kisha mtoto alilia. Yule mama akamgeukia, akamsukuma kwa mkonga, wakaingia michongomani bila kuvunja hata tawi.

Wakio alikuwa ameshashuka kabla mtu hajamruhusu.

Nzomo alitoka akitambaa kwa mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa umepinda vibaya. Shati lake la kijani halikuwa na rangi tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyezeeka asubuhi moja. Mkononi alishika simu iliyopasuka kioo chote, isipokuwa kipande kidogo chini, pale kilipokaa kitufe kimoja. Kidole gumba kilikuwa bado juu yake.

"Hii tu ndiyo iliyokubali," alisema. "Mengine yote yalikufa nilipoanguka."

"Nyamaza. Usiongee."

"Nilidhani hakuna anayeiona. Ulisema inaenda jalalani."

"Ilienda. Nikaifuata huko."

*

Hospitalini walimfunga mkono plasta na kumlaza. Alasiri Wakio aliketi kando ya kitanda, gauni limechafuka magotini, akimkamulia chungwa. Mama Ngina alikuwa ametoka kunawa uso. Alikuwa amemshika Wakio kichwa kwa mikono yote miwili, na hiyo ikawa salamu yao.

"Ulipopiga simu," Nzomo alisema, "alikuwa ametulia. Nilidhani anaondoka. Ikalia. Akaingiza mkonga akanigusa mguu. Alinigusa polepole, Wakio. Kama anayenijua."

"Mimi ndiye niliyekaribia kukuua mara mbili. Kwa simu, na kwa zile hamsini."

"Miguu iliyonipeleka ni yangu."

"Na mimi nilikuzuia bila kukwambia. Afadhali ningekuja Maungu nikakuambia usoni kwamba naogopa."

"Ningekucheka."

"Ungenicheka, na ningelia, na ungeacha."

Nzomo alifikiri. "Ningeacha," alikubali. "Na yale niliyokuambia kuhusu huyo Danson... nilikuwa mjinga."

"Sana."

"Usikubali haraka hivyo, mamaa."

Neno hilo lilipomfikia, Wakio aliweka chungwa chini akalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na yule mgonjwa akawa ndiye wa kubembeleza, kwa mkono wake mmoja mzima.

Akamweleza yaliyobaki. Kabla ya kuja wodini alikuwa amepita ofisini akaifuta picha ya karibu kwa mkono wake mwenyewe, Hillary akiwa amesimama nyuma yake. Picha zote ziliondolewa kwenye orodha ya vitendo, za kila mtu, na pointi zake. Kusikia kukarudishwa, na sasa simu za askari zingelia hata kama aliyesikia amejifunika blanketi.

"Na wakisema uongo?"

"Waseme. Afadhali askari waamshwe bure."

"Ua je?"

Wakio alisita. "Ubao umefutwa. Hillary anasema ua utasubiri msimu mwingine, na sijui kama watu wa pesa watakubali. Huenda usije kabisa, Nzomo. Huenda hata mimi nisibaki ofisini."

Nzomo aligeuza uso dirishani. Nje, treni ya mizigo ilipita ikielekea Mombasa, kitanda kikatetemeka kidogo, na Wakio akaona jinsi mwili wa mtu wake ulivyokakamaa mpaka mtetemeko ulipokwisha. Alijua hofu hiyo haingeondoka na plasta. Alijua pia kwamba yake haingeondoka. Kila asubuhi angefungua kompyuta, ama simu, na kutafuta jina moja kabla ya kuonja chai.

"Kuna watu Sagalla wanatundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba," Nzomo alisema hatimaye. "Ndovu wanaogopa nyuki. Inachukua muda. Mzinga mmoja, halafu mwingine. Boma litakuwa wazi bado, Wakio. Sina ua wa kukuonyesha." Akamgeukia. "Lakini nataka wazee wangu wapande mlima hivyo hivyo. Kabla sijapata kitu. Utanikubali hivyo?"

Wakio alikuwa na masharti kichwani, mengi: asitoke kabla ya jua, asimdanganye tena kuhusu umbali, aje kanisani hata kama atakaa benchi la nyuma. Alitazama mlango, ambapo Mama Ngina alikuwa amerudi na kusimama kimya, leso mkononi, akijifanya hasikii. Akaushika ule msalaba wake mdogo.

"Nimesikia," alisema.

Nzomo alikunja uso. "Nimesikia? Hiyo haina pointi."

"Kuanzia leo inazo," alisema Wakio, akamshika mkono.